Motokari Imeanguka Barabarani: Mama, Simama Wapi?

Kabla ya kuanza kupima watoto leo, tutazungumza juu ya barabara. Musishangae. Mumezoea kutusikia tukisema juu ya chanjo, kuhara, maji ya kuchemsha na chandarua. Lakini kati ya watu wanaoletwa hospitali usiku, kuna wengine ambao hawakushikwa na ugonjwa wowote. Walikuwa wazima. Waliona motokari imeanguka, wakakimbia kusaidia, na motokari ya pili ikawakuta katikati ya barabara.

Hili ndilo neno la leo: motokari ya pili.

Munajua namna inavyokuwa. Watu wanasikia kishindo kikubwa, kisha makelele. Kila mtu anaacha kazi yake. Mama anayeuza mikate anaacha meza yake, watoto wa shule wanakimbia, wamotari wanaacha pikipiki zao katikati ya njia. Baada ya dakika tano watu mia moja wako juu ya barabara. Wengine wanasaidia kweli. Wengine wanatazama tu. Wengine, tuseme kweli sisi kwa sisi, wanatazama mizigo. Wanatazama majeruhi, wanatazama damu, wanatazama shoferi. Nani anatazama barabara? Hakuna.

Na barabara haijafungwa. Shoferi anayekuja kutoka mbali hajui kitu. Hakusikia kishindo, ana radio yake, ana usingizi pengine, ana haraka ya kufika kabla ya usiku. Motokari inayokwenda mwendo wa kilometa 60 kwa saa inapita karibu meta 17 kwa kila sekunde. Sema polepole, "mama wee!" Imekwisha kupita meta zile 17. Tena shoferi si mashine. Macho yake yaone, kichwa chake kielewe, mguu wake ufike juu ya freni: sekunde moja ao zaidi imekwisha, na motokari haijaanza kupunguza mwendo hata kidogo. Kisha freni zenyewe zinataka nafasi. Kwa mwendo ule wa 60, juu ya lami kavu, motokari ndogo yenye freni nzuri inataka karibu meta 40 ili isimame kabisa. Kwa mwendo wa 80 inataka zaidi ya meta 60. Sasa fikirini kamyo yenye mifuko ya mihogo, na watu juu ya mifuko, na matope ya mwezi wa ine, na mteremko, na freni zilizochoka. Shoferi huyo akitokea kwenye kona na kukuta watu meta 30 mbele yake, hata akiwa mtu mwema kuliko wote, hata akiomba na kulia, hawezi kusimama. Si kwamba hataki. Hawezi.

Kwa sababu hii nataka muelewe kazi ya wale wanaofika na ambulansi, ao vijana wa Msalaba Mwekundu, ao mwuguzi wa kituo cha afya anayefika kwa pikipiki. Mara nyingi watu wanawakasirikia. Mwuguzi anashuka, na mbele ya kugusa mgonjwa anatembea barabarani akiweka matawi ao ile pembetatu nyekundu. Watu wanapiga kelele: "Munganga, mutu anakufa hapa, na wewe unatembeza matawi! Hauna huruma?" Anayo huruma. Lakini kwa ambulansi wanafika watu wawili ao watatu tu. Kama motokari ya pili ikiwagonga, mgonjwa yule aliyelala chini hana mwuguzi tena, hana motokari ya kumpeleka, na watu wa vijiji vyote vya pale hawana ambulansi kwa muda wa miezi mingi. Dakika mbili za matawi ni dawa ya kwanza. Kisha ndipo anafungua kisanduku chake.

Angalieni vilevile namna shoferi wa ambulansi anavyosimama. Hafiki karibu kabisa na majeruhi. Anasimamisha motokari yake mbele kidogo, upande ule motokari zingine zinakotokea, ili chuma kiwe kati ya hatari na watu. Anageuza magurudumu ya mbele kuelekea kando ya barabara, ili kama ambulansi ikigongwa kwa nyuma isisukumwe juu ya wauguzi na wagonjwa. Anawasha taa za kupepesa. Usiku, anazima zile taa kali za mbele kama zinaelekea wanaokuja, kwa maana shoferi aliyepofushwa macho hamwoni mtu yeyote aliye nyuma ya taa. Kwa hiyo, wamama, musimwambie, "Ingiza ambulansi hapa katikati." Anajua anachofanya. Na musisimame nyuma ya ambulansi, kati ya mlango wake na motokari nyingine. Pahali pale ni kama kati ya jiwe la kusagia na mwenzake. Wauguzi wanapita pale kwa sababu wanapaswa kumwingiza mgonjwa, lakini wanapita upesi, na mtu mmoja anatazama barabara kwa ajili yao.

Ile jile yao ya manjano ao ya rangi ya machungwa si urembo. Mchana rangi kali inaonekana mbali. Usiku rangi haisaidii tena. Ni mikanda ya kung'aa inayofanya kazi, kwa sababu inarudisha mwanga wa taa kwenye macho ya shoferi. Mtu mwenye nguo nyeusi anaonekana usiku wakati motokari yenye taa fupi imekwisha kufika meta 30 ao hata chini ya hapo. Mwenye mikanda ile anaonekana kutoka zaidi ya meta 100. Kumbukeni hesabu yetu ya freni: meta 30 ni kifo, meta 100 ni nafasi ya kusimama. Sasa ninyi hamuna jile. Lakini ni nani kati yenu hana kitambaa cheupe cha mtoto? Kama unatoka usiku kwenda kuona neno lililotokea barabarani, jifunge kitambaa cheupe begani, kimoja mbele na kingine nyuma. Si kama mkanda wa kung'aa, lakini ni bora kuliko kikwembe cheusi. Torshi vilevile: elekeza mwanga wake chini ao juu ya kitambaa chako, usielekeze kwenye macho ya shoferi.

Sasa ninafika kwenye kazi ambayo wamama wanaweza kufanya kuliko mtu yeyote. Tunaiita kazi ya sentineli.

Sentineli hasaidii mgonjwa. Habebi. Hafungi kidonda. Anatazama barabara tu, mpaka mwisho. Panapaswa kuwa na masentineli wawili, mmoja kila upande, kwa maana motokari zinatoka pande mbili. Anatembea hatua 100 kutoka pahali pa ajali. Kama kuna kona ao mgongo wa kilima, anapita mbele ya kona ile, hata ikiwa ni hatua 200, ili shoferi amwone yeye kabla ya kuingia kwenye kona. Wengi wanasimama baada ya kona, karibu na watu, na kazi yao yote inakuwa bure. Anasimama kando, juu ya majani, si juu ya lami. Uso wake unaelekea motokari zinakotoka. Anapunga kitambaa polepole, juu na chini, juu na chini. Akiona motokari haipunguzi mwendo, anapiga firimbi ao anapiga kigelegele kile kikali munachokijua, na watu wote wanaruka nje ya barabara bila kuuliza. Muelewane mbele: kigelegele kimoja, wote kando.

Kwa maoni yangu wamama wanafanya kazi hii vizuri kuliko vijana. Kijana unamweka pale, baada ya dakika mbili anageuza kichwa, anataka kuona damu. Baada ya dakika tano amerudi kwenye kundi. Mama aliyezoea kuchunga watoto watano na sufuria moja juu ya moto anajua kutazama bila kuchoka. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni asiwe sentineli. Mwenye mimba vilevile. Ninyi muende mbali, juu, upande wa nje wa barabara, na muwakusanye watoto wote wa wengine pamoja na wenu. Hiyo nayo ni kazi kubwa. Mtoto anaona mama yake upande ule mwingine wa njia, anakimbia kumfuata, na hapo ndipo motokari ya pili inamkuta. Musiite mtoto avuke. Hata kama unamwona analia, usimwite. Mwambie mwenzako aliye upande ule amshike mkono, akae naye.

Matawi ni desturi nzuri ya mashoferi wetu, ninapenda mueneze desturi ile. Tawi moja hatua 100 mbele, la pili hatua 50, yenye majani mengi. Lakini mawe ni neno lingine. Watu wanaweka mawe chini ya magurudumu ya kamyo ili isirudi nyuma; ni vizuri. Kisha kamyo inavutwa, inaondoka, na mawe yanabaki juu ya barabara usiku kucha. Motari anayekuja saa nane ya usiku na abiria wawili nyuma hayaoni. Ajali imekwisha, na mawe yake yanazaa ajali nyingine. Kwa hiyo wa mwisho kuondoka aondoe mawe na matawi yote. Ninajua kila mtu anafikiri ni kazi ya shoferi. Shoferi amekwenda hospitali ao amekimbia. Ondoeni ninyi.

Sasa tuseme juu ya kamyo zinazobeba esansi na mazuti, zile zenye tanki kubwa la mviringo. Hapa nitakawia kidogo, tafazali munivumilie hata kama watoto wanalia.

Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, huko Sange, katika bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini, kamyo ya esansi iliyotoka Tanzania ilianguka ndani ya kijiji, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Esansi ikaanza kumwagika. Watu wakaja na bido, ndoo na sufuria. Kisha moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, na kati yao wamama na watoto walikuwa wengi. Lakini sikilizeni neno hili: si wote waliokufa walikuwa na bido mkononi. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za kutazama mpira, kwa sababu ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia. Hawakugusa hata tone moja la esansi. Moto uliwafuata mle ndani. Nyumba za udongo na majani zikaungua. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, na wengi wa waliokufa walizikwa pamoja katika makaburi ya watu wengi.

Hii haikuwa mara moja tu. Tarehe 6 mwezi wa 10 mwaka 2018, Mbuba, kwenye barabara kubwa ya Kinshasa na Matadi, kamyo ya esansi iligongana na motokari nyingine, moto ukawaka, watu wapatao 50 wakafa. Tarehe 10 mwezi wa 8 mwaka 2019, Morogoro katika Tanzania, ni vilevile: kamyo ikaanguka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, na waliokufa walipita 100.

Kwa nini esansi inafanya hivi, na mafuta ya mawese hayafanyi? Mawese yakimwagika chini yanabaki pale. Esansi inatoa mvuke. Hauuoni kwa macho, unausikia kwa pua tu. Na mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Moshi wa mbabula unapanda juu. Mvuke wa esansi unatambaa chini kama nyoka. Unafuata mfereji, unashuka bondeni, unaingia chini ya mlango. Unaweza kutembea mbali sana na kamyo. Ukikuta mbabula ya mama anayekaanga mikate, ao sigara, ao mota ya pikipiki, ao cheche ya chuma kilichogonga jiwe, unawaka, na moto unarudi mbio kwa njia ileile mpaka kwenye tanki. Mtu aliyesimama kati ya mbabula na kamyo hana wakati wa kukimbia. Ndiyo sababu mtu anayesema, "Mimi sivuti sigara, ninachota tu," hajajilinda. Moto hautoki kwake. Unatoka kwa mtu asiyemjua.

Mazuti hayawaki upesi kama esansi, lakini wewe, ukiwa kando ya barabara, utajuaje kilicho ndani ya tanki? Kamyo nyingine zina vyumba viwili ao vitatu ndani ya tanki moja.

Sitawaambia kama wale watu wa Sange walikuwa wajinga. Ninajua bei ya esansi. Ninajua kama bido moja inaweza kulipa minervali ya mtoto, na kamyo ile imeanguka mbele ya mlango wako kama mvua iliyotoka mbinguni, na jirani yako amekwisha kujaza mbili. Kukaa mbali saa ile ni kugumu kuliko tunavyosema sisi wenye mshahara. Lakini mimi nimewaona walioungua. Mtu aliyeungua nusu ya mwili haponi kwa juma moja. Ni miezi, ni kufungua vidonda kila siku mbili akilia, ni mama yake kuuza shamba, na mara nyingi ni kaburi baada ya yote. Hakuna bido inayolipa neno hilo.

Basi kamyo ya tanki ikianguka, fanya hivi. Usikie upepo usoni mwako ao tazama majani ya ndizi yanaelekea wapi. Ondoka kwenda upande upepo unakotoka, na upande wa juu, si bondeni, si ndani ya mfereji. Nenda hatua 300 ao zaidi. Kama tanki imekwisha kuwaka, hatua 300 hazitoshi. Nenda mbali karibu kilometa moja, kwa maana tanki inaweza kupasuka. Kama nyumba yako iko karibu na bado hausikii harufu, zima mbabula kwa mchanga, chukua watoto na wazee, funga mlango, toka. Kama harufu imekwisha kuingia, acha mbabula, acha sufuria, acha kila kitu, toka na watoto. Wamotari wasiwashe pikipiki zao pale; wazisukume kwa mikono. Na mama mmoja apite nyumba kwa nyumba upande wa chini, akiwaambia wengine. Walioko ndani wakitazama mpira wasisahauliwe.

Hapa wauguzi nao watawashangaza. Watafika na ambulansi na watasimama mbali. Shoferi wa tanki pengine yuko ndani, analia, na wauguzi hawaendi. Musiwatukane. Kama harufu ya esansi imejaa pale, ambulansi yenyewe, mota yake na taa zake, inaweza kuwasha moto na kuua kijiji. Wanangojea kujua upepo unakwenda wapi na kitu gani kinavuja. Ni neno gumu, sisi tunaofanya kazi hii tunalijua. Usiku tunafika nyumbani nalo.

Shoferi akitoka mzima, musimpige. Ninasema hivi si kwa huruma tu. Yeye ndiye peke yake anayejua anabeba nini. Mwezi wa 2 mwaka 2019, karibu na Tenke katika Lualaba, kamyo iligongana na bisi, na ndani ya tanki haikuwa esansi. Ilikuwa asidi ya sulfuri, ile inayotumiwa katika migodi. Zaidi ya watu 15 walikufa. Asidi haihitaji moto; inakula nyama kama moto, na kwa macho inaonekana kama maji ao mafuta tu. Mtu aliyekimbia kumvuta ndugu yake anaweza kuungua mikono na miguu. Kwa hiyo muulizeni shoferi mbele ya yote: "Baba, umebeba nini?" Mwambieni mwuguzi neno lile mara tu anapofika. Mtu aliyemwagiwa asidi avuliwe nguo na amwagiwe maji, maji mengi sana, nusu saa bila kuacha, kwa macho vilevile. Ndoo moja haitoshi. Wamama wapange mstari wa ndoo kutoka mtoni ao kwenye robine. Na anayemwagia asisimame pale maji yale yanapoteremkia.

Mtu aliyewaka moto anataka kukimbia. Mwangushe chini, mbilingishe, mfunike kwa blanketi ao kikwembe kizito, si nailoni. Vua nguo zenye moto ama zenye esansi, lakini ile iliyoshikamana na ngozi usiivute. Kisha maji safi ya baridi juu ya pale palipoungua, dakika 20. Kwa mtoto mdogo mwaga maji juu ya kidonda tu, na sehemu nyingine ya mwili uifunike, kwa maana mtoto anapoa upesi na baridi nayo inaweza kumwua. Kisha kitambaa safi juu. Basi. Dawa ya meno hapana, mayai hapana, mawese hapana, majani yaliyotwangwa hapana, udongo hapana. Tunapoteza saa nzima kuosha vitu hivyo na mgonjwa analia mara mbili.

Kwa majeruhi wa ajali isiyo na moto nitasema machache, kwa sababu tutakuwa na siku yake. Usimvute kwa mikono, usimketishe. Shingo na mgongo vinaweza kuwa vimevunjika, na ukimkunja unamaliza kuvunja. Usimweke juu ya pikipiki katikati ya watu wawili kama mfuko wa makala, ikiwa kuna njia nyingine. Hata tipoyi ya miti miwili na blanketi ni bora. Damu inayotoka, bonyeza kwa nguvu na kitambaa safi, na mikono yako uivike mifuko ya plastiki. Asiyejisikia asinyweshwe maji. Unamwondoa pale upesi kwa sababu tatu tu: moto, mto unaojaa, ao motokari zinazokuja ambazo hakuna mtu anayeweza kuzisimamisha. Na kama kuna masentineli wawili wanaofanya kazi yao vizuri, ile sababu ya tatu haiko tena.

Kitu kingine, kwa ajili ya kurudi kwenu leo. Katika Kongo motokari zinapita upande wa kuume. Wewe mama unayetembea na mtoto mgongoni, tembea upande wa kushoto, ili motokari iliyo karibu nawe itoke mbele ya uso wako, usiigeuzie mgongo, kwa maana mgongoni ndiko mtoto aliko. Mukiwa wengi, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Tena mujihadhari na kamyo zinazotoka Tanzania ao Zambia. Kule wanapita upande wa kushoto, na usukani wa kamyo zao uko kuume. Hapa kwetu shoferi wa namna hiyo akitaka kupita bisi iliyo mbele yake haoni vizuri kinachokuja. Anapaswa kutoka nusu ya kamyo ndipo aone. Ukiona kamyo inachungulia nyuma ya bisi, usingojee. Ingia majanini.

Sasa toeni kadi za kupima watoto, kila mama kadi yake. Nyuma, pale chini palipo peupe, tutaandika namba ya telefoni ya kituo cha afya na ya shoferi wa ambulansi. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Siku ya ajali ukipiga, sema kwanza ni pahali gani: kijiji, daraja ao kilima gani, upande gani wa mto. Kisha majeruhi wangapi. Kisha kama kuna tanki ao harufu. Usikate telefoni mpaka mwuguzi amekwisha kuuliza. Kama hauna yinite, mwite motari aende, lakini mpe maneno yale matatu ayakariri mbele yako kabla hajaondoka. Kalamu ziko juu ya meza ya kupimia watoto. Mama anayetoka mbali kuliko wote aanze.